Lotte Eisner na Kiwambo chenye Pepo

Kila mwaka, kozi ya Tamthilia inapofika kwenye mada ya maonyesho, wanafunzi wetu hutuuliza swali lile lile: mtu atahakiki vipi onyesho ambalo hakuliona na ambalo halitarudi tena? Tamthilia iliyochapishwa ipo na inashikika mkononi. Lakini taa, maleba, sauti ya mwigizaji, kicheko cha hadhira pale ambapo mwandishi hakukitegemea, vyote hivyo huisha usiku ule ule pazia linapofungwa. Katika toleo hili tumeona tuwaletee wasomaji kazi ya mhakiki mmoja aliyepambana na swali hilo karibu maisha yake yote, ingawa mada yake ilikuwa Ujerumani na si Afrika. Huyo ni Lotte Eisner, na kitabu chake tunachokusudia kukijadili zaidi kilitolewa Paris mwaka 1952 kwa jina la L'Écran démoniaque.

Jina lenyewe linatudai maelezo, maana sisi ni watu wa lugha. Toleo la Kijerumani la mwaka 1955 liliitwa Die dämonische Leinwand, na la Kiingereza, la mwaka 1969, likaitwa The Haunted Screen. Kiingereza hapa kimepungukiwa, kwani kinamfanya msomaji afikirie nyumba yenye mizimu. Eisner mwenyewe anaeleza kwamba neno hilo analitumia kwa maana ya Kigiriki kama alivyoielewa mshairi Goethe, yaani nguvu isiyoonekana inayomwingia mtu na kumsukuma, ambayo si lazima iwe mbaya. Tukilitafsiri kwa neno shetani tutakuwa tumeshatoa hukumu. Kiswahili kinalo neno pepo, na watu wa pwani wanajua kwamba pepo hawafanani: wapo wa kupungwa, na wapo wa kubembelezwa kwa ngoma hadi waseme wanachotaka. Na kiwambo, neno tunalolitumia leo kwa kitambaa cha sinema, limetokana na kitenzi kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Kwa hiyo tumekiita kitabu hiki Kiwambo chenye Pepo, na tunathubutu kusema kwamba kwa jina hili Kiswahili kimekaribia makusudio ya mwandishi kuliko Kiingereza.

Eisner alizaliwa Berlin mwaka 1896 katika familia ya Kiyahudi ya wafanyabiashara. Alisomea historia ya sanaa na akiolojia, akapata shahada ya udaktari Rostock mwaka 1924 kwa utafiti juu ya picha zilizochorwa kwenye vyungu vya Wagiriki wa kale. Jambo hili si dogo. Mtu aliyejifunza kazi kwa kutazama vipande vya vyungu huzoea kuanza na kile kinachoonekana: mstari, nafasi tupu, mkono umeinuliwa kiasi gani. Anajua pia kwamba chungu kizima hatakiona, na kwamba hilo halimpi ruhusa ya kukibuni. Mwaka 1927 aliingia katika gazeti la kila siku la Film-Kurier mjini Berlin, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini humo kuifanya tahakiki ya filamu kuwa kazi ya mshahara. Aliandika pia juu ya tamthilia, na alikuwa ametazama maonyesho ya jiji hilo tangu ujana wake.

Machi 1933, Wanazi walipokwisha kushika madaraka, alikimbilia Paris. Huko alikutana na kijana Henri Langlois, ambaye mwaka 1936 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa hifadhi ya filamu iitwayo Cinémathèque française. Vita vilipopamba moto mwaka 1940, Wafaransa walimweka Eisner katika kambi ya Gurs, chini ya milima ya Pyrenees, kwa sababu hati zake zilisema ni Mjerumani. Yaani mtu aliyewakimbia Wajerumani alifungwa kwa kuwa Mjerumani. Alitoka kambini, akajificha kwa jina la bandia la Louise Escoffier, na kwa muda alikaa upande wa Figeac, kusini-magharibi mwa Ufaransa, akiyatunza makopo ya filamu ambayo Langlois aliyaficha huko. Mama yake alifia katika kambi ya Theresienstadt. Baada ya vita alirudi Cinémathèque akawa mhifadhi wake mkuu hadi mwaka 1975. Alifariki mwaka 1983.

Tumeyaeleza haya si kwa ajili ya kumhurumia mwandishi. Tumeyaeleza kwa sababu kitabu chake hakieleweki bila hayo. Sanaa aliyoiandika ilikuwa ya nchi iliyomfukuza, na watu aliowasifu walikuwa wametawanyika: wengine walikufa, wengine walikimbilia Marekani, wengine walibaki wakawafanyia kazi Wanazi. Werner Krauss, aliyecheza kama Dakta Caligari, alikubali kuigiza katika Jud Süß ya mwaka 1940, filamu ya uchochezi dhidi ya Wayahudi. Mhakiki aliyempoteza mama angeweza kuchukua kalamu kama rungu. Eisner alichukua njia nyingine: akauliza picha zile zilitengenezwaje.

Hoja kuu ya kitabu inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Watu wengi huziita filamu zote za Kijerumani za miaka ya 1920 "za ekspreshonisti". Eisner anasema hapana. Filamu za ekspreshonisti halisi ni chache mno. Das Cabinet des Dr. Caligari ya Robert Wiene, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1920, ni mojawapo: wachoraji wake Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig walipaka vivuli kwa rangi juu ya vitambaa na sakafu, nyumba zikainama, madirisha yakapinda. Lakini kivuli kile kingine, kinachotembea ukutani kabla ya mwenyewe kutokea, mwanga ule unaomchomoa mtu mmoja kutoka gizani huku wenzake wakimezwa, hivyo, asema Eisner, havikutoka kwa ekspreshonisti. Vilitoka jukwaani, na hasa kwa mwongozaji Max Reinhardt.

Reinhardt alizaliwa mwaka 1873 karibu na Vienna, na kuanzia mwaka 1905 aliiongoza Deutsches Theater ya Berlin. Mwaka 1906 alifungua kando yake ukumbi mdogo uitwao Kammerspiele, ambamo mtazamaji aliweza kuona kope ya mwigizaji ikipepesa. Mwaka 1919 akafungua Grosses Schauspielhaus, jengo lililokuwa la sarakasi, lililochukua watu zaidi ya 3,000. Ukumbi mdogo na ukumbi mkubwa: Eisner anavifuata vyote viwili hadi ndani ya filamu. Kutoka Kammerspiele anaona zikizaliwa zile filamu za chumbani zenye wahusika watatu au wanne na maneno machache; kutoka ukumbi mkubwa anaona yale makundi ya watu ya Fritz Lang katika Metropolis ya mwaka 1927, yanayotembea kama mwili mmoja. Waigizaji nao walikuwa wale wale. Emil Jannings, Conrad Veidt na huyo Krauss walipita mikononi mwa Reinhardt, na F. W. Murnau pia, kabla ya kushika kamera.

Sehemu iliyotuvutia kuliko zote ni pale anapoeleza sababu ya mwanga huo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mbao, vitambaa na rangi vilikuwa haba. Jukwaa halikuweza kujengwa kama zamani. Basi Reinhardt akajenga kwa taa. Mwezi Desemba 1917 aliandaa Der Bettler, tamthilia ya kijana Reinhard Sorge aliyekuwa amekwisha kufa vitani: jukwaa liliachwa gizani, kurunzi moja ikaangukia kundi moja la watu, kisha ikazimwa na kuangukia kundi jingine. Hakuna ukuta uliohamishwa. Miaka michache baadaye mbinu hiyo ikawa ndiyo "mtindo wa Kijerumani" ambao dunia nzima iliustaajabia. Walimu wenzetu wanaoandaa michezo shuleni kwa taa mbili na shuka moja tunawaomba wausome ukurasa huo. Ufukara wa vifaa mle haukuombewa radhi. Uligeuzwa lugha.

Vivyo hivyo anaandika juu ya ngazi. Leopold Jessner, mwongozaji mwingine wa Berlin, alimwandaa Richard III wa Shakespeare mwaka 1920 juu ya ngazi nyekundu, na mfalme alipanda na kushuka pamoja na bahati yake. Eisner anaifuata ngazi hiyo kutoka jukwaani hadi kwenye filamu, kuanzia Hintertreppe ya mwaka 1921, ambayo Jessner aliiongoza pamoja na Paul Leni, na ambayo hata jina lake maana yake ni ngazi ya nyuma. Wengine wangesema ngazi ni ngazi. Yeye anauliza nani anapanda, nani anasimama katikati, na kwa nini kamera inamsubiri chini. Huko ndiko kuhakiki onyesho, si kusimulia hadithi yake.

Akija kwenye Der letzte Mann ya Murnau, ya mwaka 1924, anafika kileleni. Ni kisa cha bawabu mzee wa hoteli anayevuliwa joho lake la vifungo vya kung'aa na kupelekwa chini kutunza vyoo. Eisner anasema msiba huu unaeleweka kikamilifu katika nchi ambayo sare ni kubwa kuliko mtu. Sisi tunaosoma hapa hatukuona shida kuelewa. Mtaa ambao askari, mlinzi au mhudumu hubadilika sauti akishavaa vazi la kazi hauko Berlin peke yake. Lakini tazameni anavyoifanya kazi yake: haishii kusema "sare ni ishara ya madaraka", sentensi ambayo tumeisahihisha katika karatasi za mitihani mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka. Anaonyesha mgongo wa Jannings ukinyooka ndani ya joho na ukipinda nje yake, na kamera ya Karl Freund ikizunguka naye anapolewa. Filamu hiyo karibu haina maandishi ya kueleza mazungumzo. Mgongo ndio unaosema.

Haiwezekani kumtaja Eisner bila kumtaja Siegfried Kracauer. Naye alikuwa Myahudi wa Kijerumani, mhakiki wa gazeti, mkimbizi wa mwaka 1933, aliyefika Marekani mwaka 1941. Mwaka 1947 alitoa kitabu From Caligari to Hitler, ambamo alidai kwamba filamu za miaka ile zilikuwa zikifichua hali ya nafsi ya taifa lililokuwa likijiandaa, bila kujua, kumpokea dikteta. Ni hoja yenye nguvu na inasomeka kwa urahisi, ndiyo maana wanafunzi huipenda. Ubaya wake ni kwamba mwisho wa hadithi unajulikana tangu mwanzo, na kila filamu inaitwa kutoa ushahidi wa kesi iliyokwisha kukatwa. Dakta Caligari anayemwamuru mtu aliyelala akaue anakuwa Hitler kabla ya Hitler. Katika kazi ya Eisner picha inaruhusiwa kuwa picha kwanza. Tukilazimishwa kuchagua kitabu kimoja cha kumfundishia mhakiki, tutachukua cha Eisner. Tukitaka kumfundisha mwanahistoria wa siasa atoe hoja, na kisha tumfundishe kuitilia shaka, tutachukua cha Kracauer.

Hata hivyo kitabu cha Eisner kina kasoro, na hatutazificha kwa sababu tu tunampenda mwandishi.

Kasoro ya kwanza ni kwamba katika kurasa za mwanzo naye anaangukia shimo lile lile la Kracauer, ila kwa upande mwingine. Anazungumzia roho ya Kijerumani inayopenda ukungu, giza na mambo ya kichawi, kana kwamba watu wote wa nchi moja huzaliwa na kiza ndani yao. Sisi Waafrika tumeandikwa sana kwa namna hii. Tumesoma vitabu vizima juu ya "akili ya Mwafrika", ngoma iliyo katika damu yake na hofu yake ya usiku, na tumevikataa. Hatuwezi kuikubali hoja hiyo kwa sababu tu safari hii anayeandikwa ni Mzungu na mwandishi ni mwenzao. Ajabu ni kwamba sura zake nzuri zaidi hazihitaji roho hiyo hata kidogo. Ameshatueleza kwamba giza lilitokana na uhaba wa mbao.

Kasoro ya pili ni ngumu zaidi, nayo inagusa swali la wanafunzi wetu moja kwa moja. Jukwaa la Reinhardt limekwisha. Eisner anatumia maonyesho aliyoyaona, maelezo ya watu wa wakati ule na michoro ya mandhari kueleza filamu. Kisha mara nyingine anatumia filamu kutuonyesha jukwaa lile lilivyokuwa. Anazunguka. Filamu inathibitisha jukwaa, na jukwaa linathibitisha filamu. Pale anapokuwa na mchoro au ushuhuda mkononi tunamwamini. Pale anapokuwa na mfanano tu, yaani giza hapa na giza kule, tunahitaji zaidi ya jicho lake. Isitoshe, mambo ya fedha anayagusa kwa mbali. Kampuni ya UFA, iliyoundwa mwaka 1917 na kuja kuwa kubwa kuliko zote nchini humo, ilikuwa na mabohari, mafundi na mikopo, na mambo hayo nayo hutengeneza mtindo.

Huenda mwenyewe aliliona pengo hili, kwa maana kazi yake ya baadaye inalijibu kwa vitendo. Akiwa mhifadhi aliwatafuta wachoraji wa mandhari, waandishi na mafundi waliokuwa bado hai, akakusanya michoro yao, miswada, maleba na barua kwa ajili ya Cinémathèque. Katika kitabu chake juu ya Murnau, kilichotoka mwaka 1964, mafundi hao wanazungumza kwa vinywa vyao. Mchoramandhari Robert Herlth anaeleza walivyofanya kazi na Murnau, na msomaji anaona kwamba yale tuliyoyaita "mtindo" yalikuwa pia mbao, magurudumu na usiku wa kukesha. Tukumbuke kwamba mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala za Nosferatu, filamu ya Murnau ya mwaka 1922, ziharibiwe baada ya mjane wa Bram Stoker kushtaki kwamba riwaya ya mumewe imeibwa. Nakala zilizopona zilipona nje ya utaratibu. Leo mwanafunzi anaweza kuitazama kwenye intaneti akiwa bwenini, asijue ilivyokaribia kutoweka. Kitabu cha Eisner juu ya Fritz Lang, cha mwaka 1976, kwetu kina uzito mdogo zaidi: Lang alikuwa rafiki yake, na urafiki unasikika katika hukumu zake.

Waongozaji vijana wa Ujerumani walimheshimu kama bibi yao. Mwaka 1974 Werner Herzog aliposikia kwamba Eisner ni mgonjwa sana, alitembea kwa miguu kutoka Munich hadi Paris katika theluji, akiamini kwamba akifika kwa miguu mama huyo hatakufa. Aliishi miaka tisa mingine. Wim Wenders naye alimtunukia filamu yake Paris, Texas ya mwaka 1984.

Sasa tugeukie kwetu, kwa kuwa hatusomi haya kwa anasa. Ebrahim Hussein, ambaye Kinjeketile yake ya mwaka 1969 imo katika mihutasari yetu, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya maendeleo ya tamthilia Afrika ya Mashariki katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin ya Mashariki, upande ule ule wa ukuta ilipokuwapo Deutsches Theater. Mwanafunzi wa hapa husoma Kinjeketile kwenye kitabu na kuandika juu ya dhamira, wahusika na matumizi ya lugha. Maji yale yaliletwa jukwaani kwa chombo gani? Pepo wa Hongo anapomwingia Kinjeketile, taa ilifanya nini? Walioona maonyesho ya kwanza ni wazee sasa, na wengi hawajaulizwa.

Hapa Uganda hali ni hiyo hiyo, tena yenye machungu. Kikundi cha Makerere Free Travelling Theatre kilianza mwaka 1965 kupeleka michezo hadi vijijini kwa lugha kadhaa. Byron Kawadwa, mwandishi wa Oluyimba lwa Wankoko na mkurugenzi wa National Theatre ya Kampala, alikamatwa na kuuawa mwaka 1977, katika utawala wa Idi Amin, baada ya kikundi kurejea kutoka tamasha la FESTAC la Lagos. Mtu akiuawa hivyo, haipotei roho yake tu. Hupotea pia kumbukumbu ya jinsi alivyompanga mwigizaji asimame. Lakini seremala aliyetengeneza jukwaa, mshonaji wa maleba, kijana aliyewasha taa, hao hawakuuawa wote. Eisner angeanzia kwao. Tasnifu za shahada ya pili zinazoandikwa chini ya Idara zinaweza kuanzia kwao vilevile, na tungefurahi kusimamia hata moja.

Limebaki jambo la istilahi. Neno analolitumia Eisner kila baada ya kurasa chache, na ambalo watafsiri wake wa Kiingereza waliliacha kama lilivyo, ni Stimmung. Ni ile hali inayokijaza chumba katika picha kabla mtu hajasema neno, ukungu, mwanga wa taa ya barabarani kwenye lami iliyolowa. Tumejaribu "mazingira", lakini hilo tumekwisha kulitumia kwa mambo mengi. "Toni" ni ya sauti ya msimulizi. "Hali ya kihisia" ni ndefu na kavu. Neno la Kijerumani limetokana na kitenzi cha kulinganisha nyuzi za ala ya muziki, kama mpiga udi afanyavyo kabla ya kuanza, na kwa hiyo mmoja wetu amependekeza "mlinganyo", mwingine akapinga kwamba wanahisabati wamelichukua zamani. Mwenye neno bora zaidi, hasa kutoka kwa wapiga taarab au mafundi wa ala, tunaomba alilete ofisini kabla ya toleo lijalo kwenda mitamboni.